Gia Ilikuwa Ngumu kwa Nani?

Bamvua ilikuwa inapwa, na maji ya hori la Tudor, Mombasa, yakianza kutoka hayamngoji mtu. Nilikuwa naileta boti gatini kwa ubavu wa kushoto. Shangazi zangu wawili wamekaa nyuma na vikapu vyao, utingo amesimama omo, mbele ya boti, na kamba mkononi. Nikakata usukani wote kushoto, nikarudisha mpini wa gia nyutro, kisha nikauvuta nyuma kutafuta rivasi.

Haukuja.

Nikavuta kwa nguvu zaidi. Ukasogea kidogo, ukagoma, halafu ukaachia ghafla na kupitiliza hadi kwenye mafuta. Mashine ikanguruma, boti ikajivuta nyuma kwa kishindo, kikapu kimoja kikapinduka na maembe yakatawanyika. Utingo akatia mguu kati ya boti na ukuta, jambo ambalo tunamkataza kila siku. Hakuna aliyeumia. Tukafunga kamba.

"Boti yenu yagombana na nyinyi," shangazi mmoja akasema huku akiokota maembe yake.

Jioni nikampigia binamu yangu. Boti ni yetu sote wawili, lakini siku za kazi nahodha ni yeye. Mimi huishika wikendi, nikiwa na jamaa wa kuvusha au wageni wa nyumbani. Nikamwambia gia imekuwa ngumu, hasa rivasi.

Akacheka. "Gia haina neno. Mkono wako ni wa kalamu."

Nililala nayo hiyo wiki kadhaa.

## Mashahidi wawili

Ukweli ni kwamba nusu yangu ilimwamini. Binamu hutoka karibu kila asubuhi maji yakiruhusu. Huchukua watalii ufuoni Nyali na Bamburi, akawapeleka kwenye hifadhi ya bahari wakaangalie samaki, akawarudisha. Omo linagusa mchanga, watu wanapanda, anavuta rivasi, anatoka. Kwa siku moja huishika rivasi mara nyingi kuliko mimi kwa mwezi mzima. Kama kuna mtu wa kutoa ushahidi kuhusu gia ile, ni yeye.

Nusu yangu nyingine ilikuwa na nadharia yake. Ugumu wa kitu cha chuma hauji siku moja. Chumvi inaingia kidogo, kutu kidogo, mpini unaongeza uzito kidogo, na mkono unaoushika kila siku unaongeza nguvu kidogo bila kuuliza. Mwenye kuzoea hawezi kuona. Anayeona ni mgeni, yule ambaye mkono wake bado unakumbuka jinsi mpini ulivyokuwa zamani.

Niliipenda sana nadharia hii. Ilinifanya mimi, mtu wa wikendi, kuwa shahidi bora kuliko nahodha. Nilimweleza binamu kwenye simu, tena kwa urefu, na yeye akanijibu kwamba kuna chumba cha mazoezi ya mwili kizuri sana pale Nyali.

Tukaendelea hivyo. Kila wikendi nikienda gatini gia ilinigomea, kila Jumatatu binamu alitoka, akarudi, akaniandikia: "Leo pia haina neno."

## Kwa nini sikuiacha

Ningeweza kunyamaza. Boti ilikuwa inakwenda, wageni walikuwa wanalipa, na Mombasa kuna mashine nyingi zinazofanya kazi na maradhi makubwa kuliko hayo.

Lakini gia ya boti si kama breki ya gari ambayo ukiikosa unayo nyingine ya mkono. Boti haina breki. Rivasi ndiyo breki. Na kebo, ule waya unaounganisha mpini na gia, ikilazimishwa kwa mabavu ina tabia mbaya zaidi ya kuwa ngumu tu: siku moja hukatika, au huachia kwenye kifungo chake, na mashine ikabaki kwenye gia iliyokuwamo. Mpini mkononi mwako unasema nyutro. Pangaboi chini linaendelea kuvuta.

Hapo ndipo kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Kwenye kontroli, lile boksi la mpini, kuna swichi ndogo inayozuia mashine isiwake ikiwa mpini haupo nyutro. Swichi hiyo kwenye mtindo wa kontroli tulionao inausoma mpini. Haijui lolote kuhusu kule chini. Kebo ikikatika ukiwa mbele, unarudisha mpini nyutro, unazima, unawasha tena ukiamini umesalimika, na boti inaondoka. Ufuoni Bamburi siku ya sikukuu, watoto wako majini hadi shingoni. Sikutaka hata kuimalizia picha hiyo.

Na kama si ufuoni, kuna mkondo wa Likoni, feri zinakata huku na meli za Kilindini zinakata huku. Pale mtu hahitaji gia yenye maoni yake.

## Kila mtu na ugonjwa wake

Ukitaka kujua watu wangapi wana ujuzi wa mashine, sema gatini kwamba gia ni ngumu.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa maboya, mtu mwema, amekaa baharini miaka. Akapanda botini mashine ikiwa imezimwa, akausukuma mpini mbele, ukagoma katikati. Akausukuma tena, ukagoma. Akashuka akitikisa kichwa: giaboksi imekufa.

Nilishtuka, hadi nilipokaa kufikiria jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Kule chini kwenye mguu wa mashine, mhimili unaoshuka kutoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo la meno. Hilo linazungusha magurudumu mawili makubwa, moja la mbele na moja la rivasi, kwa pande zinazopingana. Mashine ikiwaka, yote mawili yanazunguka muda wote, hata ukiwa nyutro. Pangaboi halijali, kwa sababu mhimili wake unapita katikati yao bila kushikwa na lolote. Kinachoamua ni kipande chenye meno mazito kinachokaa katikati na kuteleza juu ya mhimili wa pangaboi: kikienda upande huu kinashika gurudumu la mbele, kikienda ule kinashika la rivasi. Hakuna kuteleza kwa polepole kama klachi ya gari. Meno yanaingia kwenye nafasi zake au hayaingii.

Mashine ikiwa imezimwa hakuna kinachozunguka. Meno yakitazamana na meno, mpini utagoma, na utagoma kwenye mashine mpya iliyotoka kwenye sanduku leo. Ukiendelea kuusukuma, unaitesa kebo bure. Kama lazima ujaribu mashine ikiwa imezimwa, ondoa ufunguo, chomoa na kamba ya kuzimia, kisha mtu alizungushe pangaboi kwa mkono polepole huku mwingine akisogeza gia. Tulifanya hivyo na utingo. Ikaingia mbele, tak. Ikaingia rivasi, tak.

Giaboksi ilikuwa hai. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na gatini neno halirudi.

Wa pili alikuwa karakana moja, siitaji, ambayo bila kuja kuiona boti ilitupa bei ya kuushusha mguu wa mashine na kuufungua. Bei yenyewe ilinifanya niulize kama nimesikia vizuri. Siwalaumu kwa kutaka kazi. Ninachowalaumu ni kwamba ugonjwa walioutaja ndio uliokuwa ghali kuliko yote, na walikuwa na uhakika nao kuliko watu wote.

Kabla ya kuwajibu, nilifungua skrubu ya chini ya mguu nikaacha oili kidogo itoke. Maji yakiingia kwenye giaboksi, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Yetu ilikuwa nyeusi kidogo, safi, na sumaku ya skrubu ilikuwa na ule ungaunga laini wa kawaida tu, bila vipande vya chuma. Giaboksi iliyovunjika meno haitoi oili ya namna hiyo.

Wa tatu alisema mimina dizeli ndani ya kebo. Kila tatizo la pwani hii lina mtu anayelitibu kwa dizeli.

## Maswali ya mzee

Aliyetusaidia ni fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale ambaye siku hizi hafanyi kazi nyingi. Binamu ndiye aliyemleta, nadhani kwa nia ya kunishinda kesi. Alikuja jioni, baada ya alasiri, mikono mitupu. Hakuwa na hata spana. Tukasalimiana, akakaa kwenye kiti cha nahodha, na badala ya kuugusa mpini akauliza.

"Ngumu kuingia au ngumu kutoka?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumewahi kutofautisha.

Akatueleza kwamba hayo ni maradhi mawili. Gia inayogoma kutoka mara nyingi imebanwa na nguvu za mashine yenyewe: meno yanasukumana, na yakiwa na mzigo hayaachiani. Mashine ikiwa inazunguka kwa kasi mno kwenye mwendo wake wa chini, utapata taabu kuitoa na itaingia kwa kishindo. Hapo dawa iko kwenye injini, kebo haina kosa. Kuna rafiki wa binamu kule Shanzu mwenye boti ya injini ya ndani na mguu wa nje. Yake ilikuwa inazima kila akirudi nyutro. Mzee akasema mashine nyingi za aina ile zina swichi inayokata moto kwa kitambo kidogo ili meno yaachiane, na kebo ikiwa nzito swichi inakata muda mrefu kuliko inavyotakiwa, injini inakufa. Huyo naye alikuwa ameshabadilisha plagi na pampu ya mafuta.

"Kuingia," nikasema. "Rivasi."

"Mbele?"

"Mbele afadhali."

"Mashine baridi au imepata moto?"

Sikujua. Binamu akadakia: "Kwangu haigomi, mzee, baridi wala moto."

Mzee hakumtazama. Alikuwa ameegemea nyuma anaangalia kebo pale zinapotokea kwenye tundu la ubavuni na kuingia mbele ya mashine.

"Na ikikugomea," akaniuliza mimi, "usukani huwa umekaa wapi?"

## Kushoto

Nilihitaji kufunga macho nikumbuke. Gati letu liko upande ambao naliingia kwa ubavu wa kushoto. Unakuja kwa pembe, unapunguza, unakata kushoto kabisa, kisha unavuta rivasi ili pangaboi livute tezi, nyuma ya boti, kwenye ukuta. Ndivyo kila mtu anavyoegesha. Rivasi yangu, kila wikendi, ilikuwa rivasi ya usukani uliokatwa hadi mwisho.

Binamu hafiki gatini. Siku za kazi boti inalala kwenye boya, na boya analifuata kwa omo dhidi ya mkondo: mbele, nyutro, mbele, nyutro. Ufuoni anatoka kwa kurudi nyuma moja kwa moja. Rivasi yake, kila siku, ilikuwa rivasi ya usukani ulionyooka.

Mzee akasema tuwashe. Usukani katikati: mbele, nyutro, rivasi, nyutro. Mpini ukaenda kwa vidole viwili. Binamu akanitazama kwa jicho la ushindi.

"Sasa kata wote kushoto."

Binamu mwenyewe ndiye aliyeushika. Akavuta rivasi, mpini ukagoma. Akaweka mkono wa pili. Shingo ikamtoka mishipa.

"Huo nao ni wa kalamu?" nikamwuliza, kwa sababu mimi ni binadamu.

Alikata kulia, ukaenda. Akarudi kushoto, ukagoma. Alirudia mara kadhaa akiwa amenyamaza, na nilimwona akiacha kubishana nami na kuanza kuangalia kule nyuma, mahali ambapo mzee alikuwa ameweka kidole tangu mwanzo. Mashine ilipogeuka pamoja na usukani, kebo ilijikunja mbele yake ikafanya kona kali karibu na kifungo. Iliponyooka, kona ilifunguka.

Wiki zote zile tulikuwa tunajadili mikono. Wake umezoea, wangu ni dhaifu. Nadharia yangu nzuri ya mazoea, niliyokuwa tayari hata kuiandikia makala, haikuwa na kazi yoyote hapa. Kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu boti aliyoiendesha.

Sijui kama mazoea hayadanganyi mikono. Huenda yanadanganya. Lakini swali la mzee lilikuwa dogo kuliko langu, na lingeweza kujibiwa pale pale kwa kuzungusha usukani.

## Kutenganisha

Bado hakusema ni kebo. Hilo nalo lilinishangaza. Mimi nilikuwa tayari kukimbilia duka la spea. Alisema mashine izimwe, ufunguo utoke, kisha kebo ifunguliwe upande wa mashine.

Sababu ni rahisi. Kati ya mkono wako na meno ya kule chini kuna vitu vitatu: kontroli, kebo, na mtambo wa gia wa mashine yenyewe. Mpini unajumlisha uzito wa vyote vitatu na kukupa jibu moja. Ukivifungua, kila kimoja kinajisemea.

Mtambo wa mashine, kwa mkono, huku utingo akizungusha pangaboi: laini, ila bushi moja kavu. Tukaisafisha, tukatia grisi ya baharini. Mpini ukiwa na kebo peke yake, mashine ikiwa imekatwa kushoto: bado mzito. Kwa hiyo tatizo liko huku juu. Tukafungua na upande wa kontroli. Kontroli peke yake: laini. Mzee akatuonyesha pia ile skrubu ya kukazia mpini, ambayo kazi yake ni kuzuia mafuta yasijirudie yenyewe kwa mitikisiko. Mtu akiikaza mno, kila kitu kinakuwa kizito na watu wanalaumu gia. Yetu ilikuwa sawa.

Kebo sasa ikabaki peke yake, ncha zote mbili huru. Kebo ya gia hufanya kazi ngumu kuliko ile ya breki ya baiskeli, kwa sababu breki huvuta tu. Hii inasukuma vilevile, kwa hiyo waya wake wa ndani ni mgumu na mrija wake una ukuta wa plastiki, nyuzi za chuma kuuzunguka, na ngozi ya plastiki nje. Ikiwa imelala imenyooka, waya wa ndani ulikwenda na kurudi kwa kidole. Mzee akaikunja pale palipokuwa na kona. Waya ukasimama.

Akageuza kona juu tuione. Ngozi ya nje ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba ambao ungeupita bila kuuona, na ukingo wake ulikuwa na madoa ya kutu. Maji ya chumvi yanaingia hapo, nyuzi za chuma zinavimba kwa kutu, na zikivimba zinaubana mrija wa ndani. Dizeli ingelainisha njia kwa siku chache na kutu ingeendelea na kazi yake nyuma ya plastiki, ambako dizeli haifiki.

Nikauliza kama tungeizuia kwa kuosha zaidi. Tunaosha, lakini wenyeji mnajua: maji ya mfereji yakikosekana, na hukosekana, tunaosha kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwa hiki vina chumvi yake. Halafu kuna miezi ya kusi kali, boti inavutwa juu na mpini hauguswi wiki kwa wiki, chumvi inakauka mahali pamoja. Mzee alikubali yote hayo kwa kichwa, kisha akasema plastiki ile haikupasuliwa na chumvi. Ilipasuliwa na kona. Chumvi ilikuja baadaye.

Na kona ilitoka wapi?

## Kiti cha kivulini

Hapo tulikaa kimya sote wawili, kwa maana tulijua.

Misimu michache nyuma tulitaka watalii wakae kivulini. Turubai letu linafunika sehemu ya nyuma, na sehemu hiyo ilikuwa imekaliwa na usukani. Tukampa kazi fundi wa fiber, akausogeza usukani mbele karibu futi mbili na kutengeneza kiti kizuri cha watu watatu. Kazi ilikuwa safi. Wageni hupigia picha pale. Kebo zilivutwa zifuate usukani, zikafika, zikafungwa. Kila kitu kikafanya kazi.

Zilifika kwa sababu ule mzunguko mpana uliokuwa umeachwa mbele ya mashine ulinyooshwa wote. Mzunguko ule ulikuwa unaonekana kama uchafu, kebo iliyozidi, kitu ambacho fundi nadhifu angetaka kukiondoa. Kumbe ndio uliokuwa ukiiwezesha mashine kugeuka bila kuikunja kebo mahali pamoja. Waundaji wa kebo za kawaida za aina hii wanataka kona isiwe kali kuliko nusu-kipenyo cha sentimita 20 hivi, yaani ukiiviringa duara zima, liwe na upana wa sentimita 40. Yetu, usukani ukiwa kushoto, ilikuwa na kona ambayo ningeweza kuikumbatia kwa kiganja.

Tulitibu tatizo la kivuli tukazaa la gia, na kati ya siku hizo mbili ulipita muda mrefu hivi kwamba hakuna aliyeyaunganisha. Fundi wa fiber hakuwa fundi wa mashine. Fundi wa mashine, kama angeitwa, angeitwa kwa ajili ya giaboksi.

## Futi 16

Kebo hizi zinauzwa kwa futi, na urefu mara nyingi umechapwa kwenye ngozi yake. Yetu ilisoma 14. Mzee akatufundisha kupima: toka kwenye kontroli hadi ubavuni, fuata ubavu hadi nyuma, kisha toka ubavuni hadi katikati ya mashine, jumlisha, halafu ongeza futi 4 kwa ajili ya mzunguko wa mbele ya mashine. Tukapata 12 na 4. Utakapofika dukani na wakakuambia 16 hakuna lakini 14 ipo na "ni ileile tu", toka. Tulitoka mara mbili, ya pili pale Mwembe Tayari, kabla ya kupata ya kuagiza.

Kuivuta ndani ni kazi ya kawaida. Unafunga kamba nyembamba kwenye kebo kuukuu, unaitoa, kamba inabaki njiani, unarudi nayo mpya. Palipohitaji subira ni kuirekebisha. Mpini nyutro, mtambo wa mashine nyutro ya kweli, pangaboi likizunguka huru pande zote mbili, ndipo ncha ya kebo inazungushwa hadi tundu lake likae kwenye kifungo chenyewe bila kulazimishwa. Na ncha hiyo iwe imeingia vya kutosha kwenye hesi: miongozo ya Yamaha hutaja milimita 8 kuwa kiwango cha chini. Ikiwa imeshika hesi mbili tatu tu, itakutoka siku ya mawimbi.

Jambo moja zaidi alilolisema mzee, na ambalo binamu hakulipenda: gia isiingizwe kwa upole. Binamu ana mkono wa taratibu, anabembeleza mpini akidhani anaihurumia mashine. Mzee akasema meno yakisogezwa polepole yanagongana pembe kwa pembe na kuliwa. Shusha mafuta hadi chini, ngoja mashine itulie, kisha ingiza mara moja, kwa uhakika. Ule mlio wa "krrr" ambao watu huuona ni wa kistaarabu ndio unaokula meno.

Nikamwangalia binamu. Alikuwa anafunga kifuniko cha mashine, ameshughulika sana.

## Kebo ya pili

Wikendi iliyofuata niliipeleka boti gatini maji yakipwa, nikakata kushoto hadi mwisho, na rivasi ikaingia. Mengine ya siku hiyo hayana habari.

Ila tulikuwa na ubishi mpya. Kebo ya mafuta ilivutwa siku moja na ile ya gia, inapita tundu lile lile, na inasoma futi 14. Mzee alisema zibadilishwe zote mbili. Binamu akasema ya mafuta haijawahi kumsumbua, na fedha tumeshatumia, na kitu kisichoumwa hakipelekwi hospitali. Mimi safari hii sikujibu kwa nadharia. Nilimwambia azime mashine, akate kushoto, afungue kebo ya mafuta pale nyuma, aisukume kwa mkono.

Aliisukuma. Akakata katikati, akaisukuma tena. Akarudi kushoto.

"Nipe simu," akasema, na akampigia yule wa dukani kuagiza nyingine ya futi 16.